Kipupwe cha Dodoma hakigandishi maji, lakini skima na paipu za bwawa zinavunjika

Kila mwezi Mei unapokaribia kuisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, na maneno mawili hayakosekani: baridi na upepo. Wiki hiyohiyo watu wenye mabwawa ya kuogelea hapa Dodoma huanza kunitumia video kwenye WhatsApp. Ni zilezile kila mwaka. Mzungu amevaa koti zito, anashusha maji ya bwawa, anapuliza paipu kwa kompresa, anapachika vizibo, anamimina kimiminika cha rangi ya waridi ndani ya skima, kile kisanduku cha ukutani kinachokusanya taka zinazoelea, kisha anafunika bwawa lote kwa turubai. Swali linalofuata nalo ni lilelile: "Fundi, na sisi tufanye hivi?"

Hapana. Tena hatua ya kwanza kabisa ya video ile, kushusha maji chini ya skima, inayookoa bwawa la Chicago kule Marekani, ndiyo inayoliua bwawa la Dodoma.

Nilianza kulitilia mkazo jambo hili Juni moja nilipoitwa kwenye nyumba ya wageni upande wa Iyumbu. Nilimkuta kijana mtunza bwawa amesimama ukingoni, mikono nyuma, bwawa halina hata nusu ya maji.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Maji yamekwenda wapi?"

"Nimeyatoa, fundi. Bosi alituma video, wanasema baridi ikija lazima maji yashuke chini ya skima, halafu uweke dawa ya kuzuia kuganda."

Dawa yenyewe ilikuwa kulanti ya gari, ya kijani, lita tano, imemiminwa ndani ya skima. Kisha akawasha pampu kidogo ili "isambae". Pampu ikazunguka bila maji mpaka sili yake ikaungua, na kiungio cha plastiki pale inapotokea kikapinda kama mshumaa uliowekwa juani. Ukingo wa skima, uliokuwa umepigwa jua la wiki tatu bila maji, ulikuwa umeachana na zege. Kadi ya simu ingepita kwenye ufa ule. Yule kijana hakuwa mzembe. Alitii kila neno aliloambiwa, ila maelekezo yenyewe yalikuwa ya nchi nyingine.

Tangu Serikali ihamie hapa kwa kasi baada ya 2016, na hasa mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, hoteli, nyumba za wageni na makazi yenye bwawa yameongezeka. Watunzaji wengi wamejifunza kazi kwa macho na kwa simu. Kwa hiyo nitaanza mwanzo kabisa.

Skima ni nini, na maji yanapita wapi

Skima ni kisanduku cha plastiki kilichojengewa ndani ya ukuta wa bwawa, mdomo wake ukiwa usawa wa maji. Kazi yake ni kukusanya kinachoelea: majani, vumbi, wadudu, mafuta ya ngozi. Mdomoni kuna kilango chepesi kinachoelea, kinachoruhusu maji kuingia na kuzuia taka kurudi. Ndani kuna kikapu kinachobakiza taka kubwa. Chini ya kikapu kuna tundu linalounganishwa na paipu.

Paipu hiyo inakwenda kwenye pampu. Pampu inayavuta maji, inayasukuma kwenye chujio, ambalo kwetu mara nyingi ni tangi lenye mchanga maalumu, kisha maji yanarudi bwawani kupitia matundu ya ukutani. Chini kabisa ya bwawa kuna tundu jingine la kunyonya, nalo linaungana na pampu hiyohiyo.

Hapo shika jambo moja, maana mengine yote yanasimama juu yake. Paipu zilizo kabla ya pampu ni za kunyonya. Zilizo baada yake ni za kusukuma. Paipu ya kusukuma ikipasuka, maji yanatoka nje na utaona tope. Paipu ya kunyonya ikiwa na ufa, pampu inapofanya kazi ufa hautoi maji, unaingiza hewa. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka juu ya chupa: unavuta mpaka mashavu yanagusana, na kinachokuja mdomoni ni hewa na matone. Kwa hiyo mtu akiniambia "matundu ya kurudishia maji yanatoa mapovu, nadhani ni baridi", jibu langu ni kwamba kuna mahali mrija umetoboka, au mdomo wa mrija haumo tena ndani ya soda.

Wenzetu wanaogopa nini

Mama anayetengeneza barafu za ubuyu anaijua fizikia hii kuliko wengi. Akishamimina juisi kwenye kijimfuko hajazi mpaka juu. Anaacha nafasi kidogo ndipo afunge. Asipoacha, asubuhi anakuta kijimfuko kimepasuka ndani ya friji. Vimiminika vingi vikipoa husinyaa, lakini maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Chupa ya kioo iliyojaa maji na kusahaulika kwenye friza inapasuka kwa sababu hiyo.

Sasa ifikirie paipu iliyojaa maji chini ya ardhi ya Chicago mwezi Januari, joto liko chini ya sifuri kwa siku mfululizo. Barafu inaanza sehemu moja, inaziba paipu, inatanuka, na maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa hayana pa kwenda. Shinikizo linapanda mpaka paipu inatoa. Skima nayo ni kisanduku cha plastiki kilichozungukwa na zege pande zote. Barafu ikijaa ndani yake, kinachovunjika ni plastiki.

Ndiyo maana wenzetu wanashusha maji chini ya mdomo wa skima, wanapuliza paipu zibaki tupu na kuziba ncha zake. Ndani ya skima huweka chupa tupu ya plastiki laini, ili barafu ikitanuka iibonyeze chupa badala ya kusukuma kuta. Kile kimiminika cha waridi ni propilini glikoli, kinachochelewesha kuganda na ambacho sumu yake ni ndogo sana. Si kulanti ya gari. Kulanti nyingi za gari zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, nayo ni sumu kali kwa figo, tena ina ladha tamu, kwa hiyo mbwa au mbuzi atailamba kwa hiari yake. Pale Iyumbu tuliichota yote kwa kopo mpaka tone la mwisho na kuisuza paipu kabla ya kurudisha maji, kwa sababu watoto wangeogelea humo.

Video zile hazidanganyi, basi. Ni kazi nzuri, na anayeishi kwenye baridi ya namna ile asipoifanya atalipa.

Lakini maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Usiku wa Julai joto letu kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana linarudi kwenye 26 au zaidi. Hata usiku ule ambao kila mtu amejifunika mablanketi mawili, bado tuko mbali na sifuri. Bwawa lenye makumi ya maelfu ya lita haliwezi kupoteza joto lake lote usiku mmoja, na paipu zilizofukiwa zimefunikwa na udongo uliokula jua mchana kutwa. Singida wako juu zaidi yetu na upepo wao unajulikana nchi nzima, lakini nao hawagandishi paipu.

Mwenye ndugu Makete au Njombe ataniuliza kuhusu sakitu, ule umande ulioganda juu ya majani. Kweli, kwenye uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu hupiga viazi Juni na Julai. Lakini sakitu ni ngozi nyembamba ya barafu juu ya jani, na jua likitoka inayeyuka. Kuigandisha paipu iliyofukiwa ni kazi ya baridi ya siku nyingi mfululizo. Kule ningemshauri mtu azifunike paipu zilizo nje na awashe pampu alfajiri, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Hapa kwetu hata hilo halihitajiki.

Adui wa hapa

Angalia kamba ya nguo. Mwezi Machi ukianika shati asubuhi, jioni bado mshono wa kola una unyevu. Julai ukianika saa tatu, saa tano unaanua. Kipupwe chetu ni kikavu, mbingu nyeupe haina wingu, na upepo wa mashariki na kusini-mashariki unavuma tangu asubuhi. Hewa ile inayokausha shati ndiyo inayolamba maji ya bwawa. Watu wengi wanaamini maji hupotea wakati wa joto tu, na kipupwe bwawa hupumzika. Ukavu na upepo vinayavuta maji hata kama wewe umevaa sweta.

Tupige hesabu. Chukua bwawa la kawaida la mita 8 kwa 4. Uso wake ni mita za mraba 32. Likipoteza milimita 6 kwa siku, kiasi ambacho hapa si cha kushangaza, hizo ni lita 192 kila siku, karibu ndoo kumi za lita 20. Kwa macho huoni kitu. Milimita 6 ni unene wa penseli. Lakini kwa wiki maji yameshuka zaidi ya sentimita 4. Maji yanatakiwa yasimame katikati ya mdomo wa skima, na mdomo wenyewe mara nyingi una kimo cha sentimita 15 hivi. Kutoka katikati hadi chini ni sentimita saba na kidogo. Ndani ya siku kumi na tatu, mwenye bwawa akiwa amesafiri au amesema "nani ataogelea na baridi hii", maji yameshuka chini ya mdomo. Mrija umetoka kwenye soda.

Kinachofuata ni kile nilichokikuta Iyumbu. Pampu ya bwawa inapozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ikivuta hewa, sili inayotenganisha maji na mota inasuguana kikavu na kuungua. Maji kidogo yaliyobaki ndani yanazungushwa na kupata moto, na paipu za PVC huanza kulegea zikifika nyuzi 60 hivi. Viungio vyenye nyuzi za skrubu vinapinda, vinaanza kuingiza hewa, na hata ukijaza bwawa tena pampu haivuti vizuri. Wengi hapo hununua pampu mpya, na pampu mpya nayo inavuta hewa palepale, kwa sababu kilichoharibika ni kiungio.

Kwa hiyo kipupwe cha Dodoma kinataka kinyume cha video: usishushe maji, yaongeze. Piga alama ndogo kwenye kigae, katikati ya mdomo wa skima. Kila siku ya pili au ya tatu fungulia mpira mpaka maji yafike kwenye alama. Mwenye uwezo aweke koki ya boya kama ile ya tangi la choo; inafanya kazi hiyohiyo bila kusahau.

Lakini ndoo kumi kwa siku zinaweza kuficha ufa. Utajuaje kama maji yameliwa na upepo au yanapotelea ardhini? Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi ya bwawa ili izame nusu. Weka alama ya maji ndani ya ndoo na alama ya maji ya bwawa nje yake. Subiri saa 24, pampu ikiwa imezimwa na hakuna anayeogelea. Upepo unaokunywa bwawa unakunywa na ndoo. Zikishuka sawa, ni upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, kuna mahali linavuja. Rudia siku ya pili pampu ikiwa inafanya kazi. Likishuka zaidi pampu ikiwaka kuliko ilipozimwa, anza kuzishuku paipu za kusukuma. Sijaona kipimo kingine cha bei ya ndoo kinachojibu swali kubwa namna hii.

Likivuja, mahali pa kwanza kupaangalia ni pale skima inapokutana na zege. Plastiki na zege havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja. Kila siku jua linavitanua, kila usiku vinasinyaa, na kipupwe pengo kati ya mchana na usiku ni kubwa. Maji yakiwa kwenye kimo chake, yanatuliza joto la ukingo ule. Yakishuka, ukingo unabaki uchi. Zima pampu, acha maji yatulie kabisa, kisha tonesha rangi ya chakula taratibu karibu na kona za mdomo. Rangi ikivutwa kuelekea kwenye mshono kama moshi unaotafuta dirisha, umeupata ufa. Kuna gundi za epoksi zinazokauka ndani ya maji. Ufa ukiwa mwembamba, zinatosha, na huna haja ya kumwaga hata lita moja.

Kumwaga ndilo kosa linaloniuma kuliko yote. Bwawa lile la mita 8 kwa 4, likiwa na kina cha wastani cha mita moja na nusu, lina lita 48,000. Hizo ni ndoo 2,400 za lita 20. Mji huu unakunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima vya bonde la Makutupora, na kuna mitaa ambayo mgao unawafanya watu waamke usiku wa manane kujaza madumu. Kumwaga ndoo 2,400 ili kuzuia barafu ambayo haiji, kisha kuita boza la lita 10,000 mara tano Septemba ikifika, ni hasara ya mwenye bwawa na ni jambo zito mbele ya majirani.

Bwawa lenyewe nalo halijajengwa likae tupu. Uzito wa maji unazisukuma kuta kuelekea nje, udongo unazisukuma kuelekea ndani, na mizani hiyo ndiyo inayolishikilia. Kwenye maeneo yetu ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unatanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kila aliyetembea mbugani mwezi Agosti ameona nyufa zinazomeza mguu wa mtoto. Bwawa tupu katikati ya udongo unaocheza hivyo linapasuka vigae, na paipu zilizo chini yake zinavutwa kwenye viungio. Ukikawia mpaka mvua za Desemba bwawa likiwa bado tupu mahali ambapo maji ya ardhini hupanda karibu, maji hayo yanaweza hata kulinyanyua. Kama kuna matengenezo ya lazima yanayotaka litolewe maji, yafanywe kwa siku chache, fundi akiwepo, na lijazwe mara kazi inapokwisha.

Jua, majani na birika la chai

Paipu zilizo juu ya ardhi, kwenye kibanda cha pampu kisicho na paa, zina mateso yao. Miale ya jua inaifanya PVC ikauke kama kucha. Baada ya miaka inakuwa ya njano na ukiigonga inavunjika. Kuna na mtanuko. Paipu ya mita 10 iliyokuwa na nyuzi 14 alfajiri, ikapigwa na jua mpaka 45 mchana, inarefuka kwa karibu sentimita 2, na usiku inarudi. Ikiwa imebanwa kwa nguvu pande zote mbili, sentimita hizo zinaishia kwenye kiungio. Ifukie, au ijengee kivuli, au ipake rangi nyeupe ya maji, na vishikio vyake visiibane kama pingu. Hii ndiyo "kinga ya kipupwe" ya paipu za hapa. Hailingani hata kidogo na kupuliza kompresa.

Halafu majani. Dodoma imepandwa mwarobaini kila mahali, na msimu wa kiangazi unapukutisha vijani vyembamba vinavyojaza kikapu cha skima kwa siku moja ya upepo. Kikapu kikijaa, maji hayapiti. Pampu inavuta kwa nguvu, kikapu kinapasuka, vijani vinaingia kwenye paipu na kukwama kwenye kona ambako hutavifikia kwa mkono. Kipupwe hata mara moja kwa siku inaweza isitoshe kukimwaga. Vumbi linapita kikapuni na kuishia kwenye mchanga wa chujio, kwa hiyo tazama geji: shinikizo likipanda zaidi ya kawaida yake, osha chujio kwa kupitisha maji kinyumenyume, kisha rudisha maji uliyopoteza. Anayejenga sasa amwambie fundi aweke skima upande wa magharibi au kaskazini-magharibi wa bwawa. Upepo wetu utasukuma taka zenyewe hadi mdomoni.

Kiangazi nyuki nao wanatafuta maji, na kilango cha skima ni mahali wanapopenda kutua. Funua mfuniko taratibu kabla hujapeleka mkono.

Kuhusu dawa, kuna jambo wengi hawalioni kwa sababu linakwenda polepole. Upepo unachukua maji peke yake. Chumvi na chokaa vinabaki. Visima vingi vya kwetu vina maji magumu, na kila mmoja analijua lile ganda jeupe ndani ya birika la chai. Rudi kwenye lita 192 za kila siku. Kuanzia Mei hadi Novemba zinakuwa zaidi ya lita 40,000. Yaani kabla mvua hazijanyesha umelimiminia bwawa chokaa ya karibu bwawa la pili zima. Ganda hilo linakaa kwenye kilango cha skima mpaka kinagoma kuelea, linakaa kwenye mchanga, linakaa ndani ya pampu. Klorini ya unga ya kalsiamu inaongeza chokaa kidogo juu yake. Kinga ni kuiweka pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.6, maana ikipanda chokaa hutoka kwenye maji na kushika kuta. Klorini yenyewe hudumu zaidi maji yakiwa ya baridi, kwa hiyo kipupwe unaweza kutumia kidogo kuliko Novemba, lakini usiache. Pima kwanza.

Na tafadhali usiifanye skima kuwa sufuria ya kuyeyushia dawa. Vidonge vya klorini vikiachwa kikapuni pampu imezimwa, maji ya ndani yanakuwa na asidi kali inayokula viungio vya chuma na sili. Kibaya zaidi, vidonge vingi ni vya aina tofauti na klorini ya unga, na aina hizo mbili zikikutana zinaweza kulipuka. Si kwamba zinatoa moshi tu. Zinalipuka na kuwaka. Mtu anayemimina unga kwenye skima yenye mabaki ya kidonge, uso wake ukiwa juu ya tundu, anahatarisha macho yake.

Umeme wa LUKU unauma, na najua ndiyo sababu wengi huzima pampu kipupwe chote. Punguza badala ya kuzima. Ikiwa ulikuwa unawasha saa nane kwa siku wakati wa joto, bwawa lisilotumika sana linaweza kwenda na nne au tano, na uzipange saa hizo mchana upepo unapovuma, ili skima inywe vumbi kabla halijazama. Kila siku kidogo ni bora kuliko Jumamosi kutwa. Maji yaliyosimama ndani ya skima na paipu wiki nzima hayana klorini, na mbu wanataga mahali padogo kuliko kisanduku kile.

Wengine huziba mdomo wa skima kwa kitambaa au mbao ili "kuipumzisha". Ikiwa pampu itaendelea kufanya kazi, usifanye hivyo. Ukiziba skima, nguvu yote ya kunyonya inahamia kwenye tundu la chini, na nguvu hiyo inaweza kukamata nywele au mwili wa mtoto chini ya maji asiweze kujinasua. Koki za skima na tundu la chini ziachwe zikigawana kazi, na kifuniko cha tundu la chini kiwe kizima, kimefungwa kwa skrubu zake zote.

Kitu kimoja kwenye zile video ninachokikubali kwa moyo wote ni turubai. Kwao linazuia theluji na majani. Kwetu litazuia upepo usilambe maji, litapunguza zile ndoo kumi za kila siku kuwa chache sana, na mwarobaini utapukutikia juu yake. Liwe limekazwa pembeni, lisiwe limelegea juu ya maji, maana mtoto au mbwa akilikanyaga litamkumbatia.

Anayesafiri miezi miwili asilifunge bwawa kama duka. Aache mtu mwenye ufunguo wa kibanda, alama iliyopigwa kwenye kigae, na mpira unaofika. Kijana wa Iyumbu alama yake ameichora kwa rangi nyekundu ya kucha aliyopewa na dada wa mapokezi. Sili ya pampu tulibadilisha, kiungio tulikata na kuweka kingine, ukingo wa skima tuliujaza epoksi na umeshika mpaka leo. Mwaka huu alinipigia siku moja alfajiri, sauti ina wasiwasi: maji yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya nyekundu, awashe pampu au asiwashe? Nikamwambia aanze na mpira.